Aliyekaa Karibu na Viatu

Siku ya kwanza Sumar kushukuriwa kwa kazi ambayo hakuifanya, alisema asante na akaona mambo yameishia hapo.

Alikuwa dukani kwake Jaisalmer, mji wa jangwani kule India, chini kidogo ya ngome, ule wakati wa mchana ambao watalii wamekimbilia vyumbani na mbwa wamelala kwenye mitaro wakitafuta unyevu. Akatokea Lumbaram, kinyozi wa kijijini kwao Lunasar, anavuta mbuzi jike mweusi kwa kamba. Kwao kinyozi hanyoi tu. Ndiye anayetumwa na wakubwa kupeleka habari za harusi na za misiba, nani kazaa, nani kafa, na umbeya wa njiani anaongeza bure. Akamfunga mbuzi kwenye mguu wa meza, akatoa kilemba kipya cha rangi ya zafarani kwapani, akakiweka juu ya masanduku.

"Thakur Bhom Singh anasema umemfurahisha," akasema. "Mjukuu wake amepokelewa kama anavyostahili. Wanawake walilia kule ndani, mpaka mama yake Thakur. Na yule mama mimi namjua, hakulia hata siku ya kumzika mumewe."

Sasa Sumar hakuwa amekwenda Lunasar. Hata hiyo habari ya kwamba mkwe wa Thakur, yule mkubwa wa kijiji, kajifungua ndiyo alikuwa anaisikia. Siku zote hizo alikuwa hapo hapo dukani na shemeji yake Mehardin, wanapaka rangi masanduku ya mteja wa Surat. Akili yake ikakimbia haraka, ikafika ilikotaka kufika: sanduku. Msimu wa sikukuu alimpelekea Thakur sanduku la zawadi, lile zuri lenye nakshi za tausi na sauti yake ndani. Bila shaka wamelifungua mlangoni, likaimba, watu wakalia. Maana yake kazi yake mpya inafanya kazi.

Basi akapokea. Akamuagizia Lumbaram chai, akamuuliza hali za kijijini, akamsindikiza mpaka njiani. Mbuzi akabaki anatafuna kona ya katoni.

Kosa lilikuwa hapo. Kwa Wamanganiyar, wale waimbaji wa kurithi ambao Sumar ni mmoja wao, mbuzi wa mlangoni hapokelewi na mtu ambaye hakuimba. Ukimpokea umesema ni mimi niliyekaa pale, ni mimi niliyewaita wazee wa nyumba ile. Mtoto wa kwao wa miaka sita analijua hilo. Na Sumar alilijua vilevile, sema siku hiyo alikuwa na furaha.

Huyu Sumar alikuwa mpiga kamaicha, lile zeze lao lenye tumbo kubwa la ngozi ya mbuzi, na mwimbaji juu yake. Si wa kubahatisha. Amepanda ndege mpaka akachoka na ndege. Amepiga kwenye kumbi ambazo watu wanakaa kimya kama wagonjwa, halafu wanasimama wote kwa pamoja. Lakini hayo ni ya nje. Nyumbani, yeye na baba yake Murad na baba wa baba yake walikuwa watu wa mlango mmoja, mlango wa ukoo wa Bhom Singh. Mtoto akizaliwa pale, mtu wa kwao anakwenda, anakaa kizingitini, anawaita wazee wa ukoo ule jina kwa jina, mpaka yule wa kwanza aliyekuja na ngamia wake. Harusi, hivyo hivyo. Msiba, hivyo hivyo. Nyumba inalipa kwa nafaka, mbuzi, kilemba, na mwaka mzuri ngamia.

Na mahali pa mwimbaji panajulikana. Wakubwa wanakaa juu ya vitanda vya kamba, mwimbaji anakaa chini, karibu na viatu vyao. Hakuna anayemtukana. Wanampenda, wanamwita kwa jina la baba yake, wanamtania. Ila yuko pale, usawa wa viatu, na akimaliza kuimba macho yake yanaona ndala.

Sumar alirudi safari moja kutoka Ulaya, ambako mwenye ukumbi alimvutia kiti kwa mikono yake mwenyewe. Siku mbili baadaye yuko Lunasar amekaa karibu na viatu. Akamwambia mkewe Daryai kwamba basi, yeye ameacha. Hakuna tena kupiga hotelini, hakuna tena kukaa chini. Akafungua duka. Likaitwa Pol, maana yake lango.

Wazo lenyewe lilikuwa tamu. Koo nyingi zimehamia mijini, Surat, Bombay, wengine Dubai huko, na hawana tena mwimbaji wa mlangoni. Sumar anawarekodia wazee wao kwa sauti yake mwenyewe, Mehardin anachonga sanduku la mti na kulipaka rangi, ndani kuna spika. Mtoto akizaliwa ghorofani, unafungua kifuniko, wazee wanaitwa. Watu walikuwa wanaagiza kwa simu wakilia. Kamaicha yake akaitundika ukutani nyuma ya meza, pambo la duka.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakwenda kwa Bhom Singh kuaga. Angemwambiaje? Aliacha tu kwenda, kama mtu anavyoacha kujibu simu.

Jioni ya ile siku Daryai alimtazama yule mbuzi, akamtazama mumewe. Akauliza kama alimwambia kinyozi kwamba hakuimba. Sumar akasema angesemaje, kwamba mashine ndiyo iliyoimba? Angechekwa wilaya nzima.

"Basi umeshasema ni wewe," Daryai akasema.

Mbuzi alikuwa na maziwa mengi. Daryai hakumkamua. Alimpa jirani, na jirani akamrudisha kesho yake bila kueleza sababu, akasema tu kwamba mbuzi anapenda kusimama mlangoni akiangalia ndani.

Baada ya hapo ndipo sauti ikaanza kumtoka.

Walikuwa wanarekodi ukoo wa yule mteja wa Surat. Sumar alikuwa na majina ya koo nyingi kichwani, aliyolishwa na baba yake tangu hajaota meno, na hajawahi kuyaandika, kwao hayaandikwi. Akaimba, Mehardin amevaa visikizio masikioni. Katikati Mehardin akainua mkono.

"Umeruka mtu, shemeji."

Akarudia. Akaruka tena, palepale. Halikuwa jina gumu. Alikuwa analiona kabisa linakuja, kama mtu anayetembea barabarani kuelekea kwako, halafu hapiti. Mehardin akamtania kwamba uzee umeanzia juu. Wakacheka, wakanywa chai. Siku iliyofuata alikuwa ameruka wawili.

Halafu Surat wakapiga simu kuhusu sanduku jingine, walilonunua kabla ya hilo. Sauti haipo. Kamaicha inasikika, ila mwimbaji haimbi. Mehardin akafikiri ni waya. Wakalirudisha, akalifungua, waya mzima, spika nzima. Akaufungua ule wimbo kwenye kompyuta ya dukani. Mstari wa sauti ulikuwa unapanda na kushuka kwenye kioo kama kawaida, lakini kilichotoka kilikuwa kamaicha, na chini ya kamaicha pumzi. Pumzi ya mtu amevuta hewa anataka kuanza, haanzi.

Walisikiliza mpaka mwisho. Mehardin akavua visikizio, akavifuta kwa shati lake, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii pumzi ni yako," akasema. "Naijua. Ulikuwa na mafua siku ile."

Wakaanza kuyafungua mengine moja baada ya jingine. Yale ya mwanzo kabisa yalikuwa bado mazima. Yaliyofuata yalikuwa yanakwenda, sauti nyembamba, imesogea mbali, kama anaimbia nyumba ya tatu kutoka hapo.

Ndugu mdogo wa Bhom Singh akafa wakati huo huo, maradhi ya kifua. Sumar alipata habari kwa kuchelewa, na alivyoipata ndiyo kichekesho. Alikuwa sokoni ananunua vitunguu. Mwanamume mmoja wa Lunasar, muuza majani ya ngamia, akamshika mkono kwa mikono miwili, macho yamemlowa. Akamwambia hajawahi kusikia mtu anaitwa vile. Akasema Sumar alivyokuwa akiimba pale msibani, watu waligeuka kuangalia nyuma, kila jina wanageuka, maana ilikuwa kama wenye majina wanaingia uani.

Sumar hakusema asante safari hii. Aliacha vitunguu pale pale, akarudi dukani, akaanza kuwapigia binamu zake. Aliwatukana kwanza, ndiyo salamu. Nani kati yenu anakwenda kwa Bhom Singh kwa jina langu? Kila mmoja akakataa. Mmoja akakasirika, akasema mlango wa mtu hauchukuliwi, yeye si mwizi. Wa mwisho, Kasbu, yule anayeishi jirani kabisa na nyumba ya Thakur, alicheka.

"Wewe leo unanitania au umevuta?" akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekuletea maji. Ukanywa, ukanirudishia kikombe, ukaniuliza mgongo wa mama unaendeleaje. Nikakwambia mbona umekonda, mjini hawakulishi? Hukunijibu, ukacheka tu."

Sumar alikuwa hajakonda. Tangu afungue duka alikuwa ametoa kitambi.

Usiku ule alimweleza Daryai yote. Daryai hakupiga kelele wala nini. Alikuwa anakanda unga wa uwele, akaendelea kukanda, akamwambia kwamba yeye aliliona tangu mbuzi. Sauti ni moja. Haiwezi kukaa kwa watu wawili, na inakwenda kwa yule anayeitumia mahali pake. Akasema ana njia mbili tu na azitazame vizuri. Arudi akakae chini karibu na viatu, kama zamani, amtoe huyo aliyekaa. Au aache kwa adabu, kama watu wanavyoacha: avue kilemba, akate nyuzi za kamaicha yake, azifunge humo, achimbe mbele ya mlango wa Bhom Singh, azike. Hiyo ndiyo talaka ya mwimbaji na mlango. Anayeizika hasogei tena pale maisha yake yote, hata kwa maji ya kunywa. Lakini anaondoka na sauti yake, ni yake.

"Ukikaa katikati," Daryai akasema, "utabaki pumzi."

Sumar alijaribu kumuimbia kidogo, wimbo wa kuchezea tu, ule anaomchokoza nao siku zote kuhusu mahari yake. Maneno yakatoka. Wimbo haukutoka. Alikuwa kama mtu anasoma bei sokoni. Daryai akainama kwenye unga wake, asionekane uso.

Hakukuwa na mjadala tena. Duka halina maana bila ile sauti, na yeye mwenyewe, akijiuliza kweli, hakujua ni nani bila ile sauti. Kukaa chini tena hakutaka. Atazizika nyuzi.

Ikawa kinyozi Lumbaram anapita mjini akialika watu: binti wa Bhom Singh anaolewa. Alimwalika Mehardin, alimwalika mwenye duka la vitambaa, akafika kwa Sumar akamwambia wewe sina haja ya kukualika, wewe si ndiye mwenye kazi. Akaondoka akicheka. Sumar akapanda juu ya kiti, akaishusha kamaicha ukutani. Vumbi lilikuwa limekaa kwenye ngozi yake. Akazikata nyuzi, zile nene za utumbo wa mbuzi, moja moja, na kila moja ilijikunja mkononi mwake kama kitu kilichokuwa kimelala vibaya. Akazifunga ndani ya kilemba chake, kikawa kifurushi.

Alikwenda na pikipiki ya Mehardin. Jua lilikuwa la saa sita, lile ambalo hata kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Barabara ya Lunasar nyeupe tupu, upepo hakuna, lakini kwenye mpasuko wa kilima cha mwisho, kabla hata hajaona nyumba, akaisikia kamaicha. Akazima pikipiki. Halafu sauti ikaingia.

Mtu hajui sauti yake kama watu wengine wanavyoijua, ila Sumar alikuwa amejisikiliza kwenye visikizio miaka ile yote ya duka, na hapo hakuwa na shaka. Ilikuwa ni yeye. Ilikuwa ni yeye siku nzuri. Jina lile aliloruka akirekodi lilipita hewani limekamilika, limevaa nguo zake zote, na jingine nyuma yake. Akajikuta anasimama barabarani na mdomo wazi kama mtoto anayelishwa.

Mlangoni kwa Bhom Singh palikuwa na viatu vingi, vya ngozi vyenye ncha zilizopinda, vya kizungu, ndala. Sumar alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno yake. Akaingia uani na kifurushi chini ya koti, akiwa tayari kwa watu kushtuka, kumtazama yeye, kumtazama yule, kupiga kelele.

Hakuna aliyeshtuka. Watu walimwona vizuri kabisa. Bhom Singh mwenyewe, mzee wa masharubu meupe, akanyanyuka nusu kwenye kitanda chake cha kamba.

"Karibu, seth," akasema. Seth ni bwana mfanyabiashara. "Huyu ndiye yule wa masanduku, wa Jaisalmer. Mpisheni. Hapa, kaa hapa, karibu yangu."

"Hukum," Sumar akasema, kwa ile heshima ambayo watu wa mlango humwita nayo mkubwa wao, "ni mimi. Sumar. Mwana wa Murad."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja wa wageni akasema huyu seth ana utani kama mwimbaji mwenyewe. Na mikono ikamchukua, mikono ya watu aliowaimbia utoto wao na harusi zao, ikamkalisha juu ya kitanda. Juu. Hajawahi kukalia kile kitanda wala baba yake hajawahi. Kamba zilikuwa zimekazwa vizuri, zililia kidogo chini ya uzito wake. Wakampa chai kwenye kikombe cha kaure, kile cha wageni, na Bhom Singh kwa mkono wake mwenyewe akamnyunyizia maji ya waridi.

Ukweli usemwe, ilikuwa raha. Alikuwa amekaa na kifurushi kinamchoma mbavuni, na ilikuwa raha.

Aliona viatu kutoka juu. Na karibu na viatu akamwona.

Alikuwa Sumar wa kabla ya duka. Mwembamba, kilemba cha zafarani, hereni ya fedha sikioni, ile aliyoiuza kununulia spika za kwanza. Alikuwa ameinamia kamaicha, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na sugu ngumu za manjano kwenye ncha. Sumar akatazama vyake. Vilikuwa laini, vina rangi ya kijani ya masanduku kwenye kucha. Hakukuwa na kitu cha kutisha kwa yule mtu. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni kama la mtu mwingine yeyote, na kuna nzi mmoja alikuwa anamsumbua, anamfukuza kwa bega bila kuacha kupiga.

Akamaliza kuwaita wazee wa bwana harusi, kumbe ni ukoo wa yule mteja wa Surat. Kisha akafanya kile ambacho mwimbaji mzuri hufanya mgeni mkubwa akiingia: akageuka na kamaicha yake kuelekea kitanda cha Bhom Singh, akainua macho, akamtazama Sumar usoni.

"Na wewe seth," akasema kwa upole wa kazi, "nikuitie wazee gani?"

Ua wote ukamgeukia. Sumar alifungua mdomo. Murad, alitaka kusema, mwana wa. Na hapo palikuwa peupe. Alipekua kichwani, akakuta koo za Surat vipande vipande, akakuta bei za mbao za shisham, akakuta namba ya simu ya mtu wa rangi. Wazee wake mwenyewe hawakuwepo. Alimtazama yule mtu, na pumzi ikamtoka, pumzi tupu.

Yule mtu akatikisa kichwa kidogo, kama kusema usijali, hutokea. Akashusha upinde kwenye nyuzi, akaimba. Murad. Na baba yake Murad. Na baba wa huyo. Akawaita watu wa kwao Sumar, wapiga zeze, walaji wa mabaki ya harusi, waliokufa bila kukalia kitanda, akawaita kwa sauti ileile wanayoitiwa wakubwa wenye mapanga na ngamia. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuwaimbia Wamanganiyar wazee wao. Wao ndio huimba. Nani awaimbie? Sumar alikuwa anayasikia majina ya babu zake kama habari mpya, na machozi yakamtoka, na watu ua mzima wakageuka kutazama mlangoni kila jina.

Alipomaliza, Bhom Singh alimgusa Sumar gotini. Seth mzima, umeimbiwa, hutoi kitu? Mkono wa Sumar ukaingia mfukoni wenyewe. Akatoa noti, akaizungusha juu ya kichwa cha mwimbaji kama wakubwa wanavyofanya, akampa. Vidole vyao vikagusana. Vya yule vilikuwa na joto, na vigumu kama pembe.

Ndipo Sumar akasimama. Akasema anatoka kidogo, na watu wakampisha wakidhani anaenda kujisaidia.

Mbele ya mlango, nje, hapakuwa na mtu. Jua limefuta kila kitu. Alipiga magoti pale ambapo kizingiti kinaishia, akakiweka kifurushi mchangani, akaanza kuchimba kwa mikono. Juu mchanga ulikuwa moto kama majivu ya jikoni, chini ulikuwa baridi. Alikuwa anachimba haraka kabla sauti haijaanza tena ndani, anajiambia kwamba kifurushi kikishafunikwa tu, atafungua mdomo na sauti itakuwa yake.

Vidole vikagonga kitambaa.

Akakivuta. Kilikuwa kilemba, kilichooza, kinachanika kama karatasi iliyolowa ikakauka. Ndani yake nyuzi za kamaicha, ngumu, nyeusi, zimejikunja. Alidhani ni za mtu wa zamani sana mpaka alipoona kiraka. Kwenye pindo la kile kitambaa kulikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, mishono ya mshazari, ya haraka haraka. Mama yake, Mungu amrehemu, alishona viraka vya nyumba nzima kwa uzi wa kijani kwa sababu aliupenda, na watoto wa jirani walikuwa wanawacheka kwa hilo. Hakuna mwanamke mwingine Lunasar aliyeshona hivyo.

Kilikuwa cha Murad. Murad alikuja hapa akiwa ameshaoa, akavua kilemba, akakata nyuzi, akazika, akaacha kwa adabu kama watu wanavyoacha. Na aliyezika hasogei tena pale.

Lakini Murad aliimba mlango huu mpaka mwaka aliokufa. Sumar alikuwa pembeni yake, karibu na viatu, tangu anabebwa. Huyo ndiye aliyemfundisha majina. Huyo ndiye aliyemshika vidole akaviweka juu ya nyuzi, akarudi naye nyumbani jioni na mbuzi, akala, akalala. Huyo alizikwa na Sumar mwenyewe, kwa mikono yake.

Alikaa palepale amepiga magoti, kile kitambaa kinamwagika vumbi mapajani mwake. Hakuwaza mambo mengi. Aliwaza kwamba Murad aliyeacha, yule wa kweli, alikwenda wapi, na kama huko alikokwenda aliwahi kuimba. Halafu akawaza kwamba sauti aliyokuja kuidai hapa hakupewa na Murad huyo, alipewa na yule aliyebaki karibu na viatu.

Kivuli kikamfunika. Hakikuwa kirefu, jua lilikuwa juu kabisa. Yule mtu alikuwa amesimama kizingitini na upinde wa kamaicha mkononi, amekuja kupunga hewa kama waimbaji wanavyofanya kati ya wimbo na wimbo. Kutoka kule chini alikokuwa Sumar, na lile jua nyuma ya kilemba, hakuonekana tena kama Sumar. Alionekana kama baba yake. Naye angeonekanaje kama si hivyo.

Akalitazama shimo. Akautazama uzi wa kijani mkononi mwa Sumar, akautazama kwa muda, na uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyeona kitu cha nyumbani.

"Chimba pembeni kidogo, mwanangu," akasema. "Hapo pana mwenyewe."

Sumar alitaka kumuita. Neno lenyewe ni fupi, mtoto analianza kabla ya mengine yote. Midomo ikajifunga, ikafunguka, na kilichotoka kilikuwa hewa.

Ndani wageni wakaanza kupiga makofi, wanamtaka mwimbaji wao. Yule mtu akafuta jasho shingoni, akainama kupita mlangoni, akarudi kukaa karibu na viatu. Sumar akakirudisha kile kilemba mahali pake, akakifunika mchanga vizuri, akausawazisha kwa kiganja. Kisha akasogea pembeni kidogo, akaanza kuchimba.